Ngamia wa Studio ya Mwangi

Enzi zetu, mtoto wa Isiolo alifika Misri kabla ya kufika Nanyuki. Ulipita soko, ukaingia studio ya Mwangi, ukasimama mbele ya kitambaa kikubwa kilichopigiliwa misumari ukutani, na nyuma yako kulikuwa na piramidi tatu, mtende mmoja, jua la rangi ya chungwa na ngamia wa kimo cha mbuzi. Karibu kila nyumba mjini ilikuwa na picha hiyo. Waislamu walipiga siku ya Idi, Wakristo Krismasi, na Mwangi, aliyekuja kutoka Nyeri akiwa kijana, alimwamkia kila mteja kwa kuangalia mavazi. Mwenye kanzu au shela alipewa salaam aleikum, wengine wote habari.

Sijui kwa nini Misri. Mwangi angeweza kuchorewa Mlima Kenya, ambao asubuhi ukiwa mweupe tuliuona bure kutoka mlangoni. Labda ubure wenyewe ndio uliouponza. Misri haikuwa ya bure, na ilikuwa kila mahali. Madrasa tulisomeshwa habari za Nabii Musa na Firauni, na mtoto akiiba tende za wenzake maalim alimwita Firauni mbele ya darasa. Jirani zetu Wakristo walikuwa na Farao wao wa kanisani, na tulibishana nyuma ya nyumba ni yupi mbaya zaidi. Halafu shuleni mwalimu wa historia akachora piramidi kwa chaki, akatueleza jinsi wafalme walivyotolewa ubongo kwa ndoano kupitia puani, wakakaushwa kwa magadi, wakapakwa mafuta na kufungwa vitambaa. Wiki hiyo hakuna mtoto aliyegusa matumbo. Sisi tulimchukua kuku aliyekufa kwa ugonjwa, tukamzika ndani ya boksi la viatu na magadi yote ya jikoni. Siku ya tatu mbwa walimfukua. Ayeyo alituchapa kwa ajili ya magadi, si kwa ajili ya kuku.

Ayeyo ni nyanya yangu, mama wa mama. Alikulia kwenye ngamia upande wa Gotu, kabla babu, dereva wa lori, hajamleta mjini. Nilipomweleza habari za maiti za Misri hakushangaa hata kidogo. Alikuwa hodari wa nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo inayokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta ya ngamia, na yake ilikaa miezi bila kuharibika. Aliuliza tu walitumia mafuta ya nini.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea, na hakuacha picha hata moja. Watu waliniambia nina pua yake. Nilikuwa nikisimama mbele ya kioo, nafunika macho na mdomo kwa mikono ili nibakishe pua peke yake, lakini pua peke yake haikunionyesha mtu. Kwa hiyo nilipopata nafasi shule ya bweni Meru, nilitaka jambo moja kabla ya kuondoka, nalo ni picha na ayeyo.

Akakataa. Kwanza alisema hawezi kusimama mbele ya kaburi la Firauni, lakini hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe ilikuwa ngamia. Aliwahi kuingia studio akisindikiza harusi ya jirani, akamtazama yule ngamia kwa muda mrefu. Mchoraji alikuwa fundi wa Nairobi, na ni wazi hakuwahi kuona ngamia ila kwenye pakiti ya tende. Alimpa masikio ya punda, kwato za ng'ombe, na nundu karibu na shingo, mahali ambapo hata mtoto hawezi kukaa.

"Hiyo si ngamia," ayeyo alimwambia Mwangi mbele ya wateja. "Hiyo ni punda mgonjwa."

Mwangi akajitetea kwamba miaka yote hiyo hakuna mtu aliyelalamika. Ayeyo akamjibu kwamba watalalamika vipi na wote wanaipa mgongo.

Maneno yalimwingia Mwangi. Alinunua rangi akajaribu kurekebisha miguu mwenyewe, ikatoka minene kama miguu ya meza, na kwato zikabaki vilevile. Mji mzima ulicheka, na mimi peke yangu sikucheka, maana siku zangu zilikuwa zinaisha.

Zilipobaki siku tatu, nilimkuta ayeyo uani akipepeta mchele. Nilikuwa nimechoka kubembeleza. Nikamwambia, "Mama sina picha yake. Na wewe nikikusahau sura, nitauliza nani?"

Aliendelea kupepeta. Nikaenda kulia nyuma ya choo.

Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la Idi, akajitanda shali kubwa ya kijani, akaniambia nioshe uso. Studioni, Mwangi alitusimamisha katikati ya piramidi. Alipoinama kwenye kamera, ayeyo akasogea kushoto. Akamrudisha. Akasogea tena.

"Katikati, mama," Mwangi alimsihi. "Huko utakatika."

"Piga," ayeyo akasema.

Picha ilinifuata Meru na lori la babu, na nilipoiona nilikasirika. Katikati niko mimi na piramidi tatu. Ayeyo yuko pembeni kabisa, bega limekatwa, na ile shali ameitandaza kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo. Nilidhani ameniharibia makusudi. Msichana mwenzangu wa bweni, naye wa Isiolo, ndiye aliyeniuliza ngamia yuko wapi, maana hata kwao walikuwa na picha kama hiyo. Nikatafuta, hakuwepo. Ayeyo alikuwa amemfunika mzima, kuanzia kwato hadi nundu. Alikubali kuacha sura yake, lakini hakukubali mjukuu wake akae na ngamia wa namna ile maisha yake yote.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Hakuna picha yake nyingine, na nilimshukuru Mungu kwa hiyo moja, nikaendelea kushukuru hadi leo. Studio ya Mwangi sasa ni duka la simu, na kitambaa sijui kiliishia wapi.

Vijana wa leo wana picha maelfu, lakini ukimwomba binti yangu Hibo akuonyeshe ya Idi iliyopita, atatafuta mpaka chai ipoe. Sisi tulikuwa na moja, tukajua kila kilichomo. Misri bado wanaipenda, hilo halijabadilika. Hibo hutazama video za makaburi yakifunguliwa, na hupaka wanja mrefu akisema ni mtindo wa malkia wa Misri, kana kwamba ayeyo hakupaka wanja maisha yake yote.

Juzi aliisikitikia picha yetu iliyo ukutani, lile bega lililokatwa. Akaipiga kwa simu yake, akagusagusa. Simu za siku hizi huchora zenyewe kisichokuwepo.

"Mum, cheki," akaniambia. "Nimemweka katikati."

Nikavaa miwani. Kweli ayeyo alikuwa katikati, bega zima, piramidi zinang'aa kuliko za Mwangi. Uso wake simu ilikuwa imeulainisha, mikunjo yote imefutika, na kwa kitambo sikumjua. Pale pembeni alipokuwa amesimama, simu ilikuwa imejaza nafasi kwa ngamia. Shingo nzuri, macho mazuri. Nikashuka hadi miguuni. Kwato za ng'ombe.

Nikamrudishia simu yake.

"Mrudishe pale alipokuwa," nikamwambia. "Bado ana kazi."