Rupia Mbili za Bibi

Juzi sonara mmoja mjini Moshi alinionyesha rupia ya Mjerumani, nyeusi tii, akasema weusi ule ndio thamani yake. Nikakumbuka harufu ya moshi jikoni kwa bibi, Machame.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, mnunuzi wa sarafu za kale alikaa barazani kwake akizichungulia rupia mbili za bibi kwa kioo cha kukuzia. Moja bibi aliisugua asubuhi, kwa heshima ya mgeni. Nyingine ilikuwa bado nyeusi kwa moshi wa jikoni.

"Hii iliyosuguliwa ni daraja la chini, mama," alisema. "Nyeusi ndiyo daraja la kwanza."

Bibi alimkazia macho. Kahawa yake ilishashushwa daraja mara nyingi na watu wa sauti tamu kama ile.

"Anayesifia uchafu ana lake jambo," aliniambia kwa Kichagga. "Lete majivu."

Nilikimbia. Akaisugua ile nyeusi kwa jani kavu la mgomba mpaka ikametameta, akamrudishia. "Haya, sema sasa ni daraja gani."

Mgeni aliitazama, akafunga mkoba wake polepole. Nilicheka, nikidhani tumemshinda mwizi.

Sonara aliponiuliza juzi kama ninazo rupia kama ile, nilisema sina. Ninazo mbili. Zinang'aa, na majivu nilileta mimi.