Spika Chini ya Dirisha la Mama

Nani humpa mtu ruhusa ya kuingia katika usingizi wa mwenzake? Nimesoma hadi chuo kikuu na jibu sijalipata.

Tangu apate kiharusi, mama alikuwa akisahau majina yetu, sisi wanawe. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba sauti ya chini, mtu akiisikia usingizini, huweza kuusaidia ubongo kushika alichojifunza akiwa macho. Basi kila asubuhi nilimfundisha majina yetu kwa picha, na alipolala baada ya chakula cha mchana niliweka simu kando ya mto, sauti yangu ikiyarudia polepole.

Chini ya dirisha lake, hapa Kariakoo, muuza mashuka alikuwa na spika yenye tangazo moja lililorekodiwa, likijirudia kutwa nzima: "Mzigo umefunguliwa, chagua mwenyewe."

Siku ya tisa mama aliamka, akanitazama kwa muda mrefu. Nikangoja jina langu.

"Mzigo umefunguliwa," akasema.

Nilishuka ngazi hadi mtaani.

"Mama yangu hajui mimi ni nani," nilimwambia muuza mashuka, "lakini tangazo lako analijua."

"Basi linafanya kazi, dada'angu," akajibu, na wateja wakacheka. "Mlete achague, nitampunguzia."

Mtaa mzima umeridhia kwamba mwenye spika ndiye mwenye hewa. Mgonjwa, mtoto mchanga, mlinzi aliyekesha kazini, wote wamegeuzwa wateja hata wakiwa wamefumba macho. Nilimwomba apunguze sauti, akapunguza. Nilipofika ghorofani alikuwa ameshairudisha.

Nikamsimulia mama yote, na habari ya simu nayo sikuificha. Akakunja uso. Siku hizi maneno yake hutoka moja moja.

"Na wewe ulikuwa unanisemesha nimelala?"

"Nilitaka unikumbuke, mama."

"Ungeniuliza."

Muuza mashuka angalau alipiga kelele zake hadharani. Mimi nilinong'ona kwa kujificha. Hasira yangu juu yake haikupungua kwa kulijua hilo. Ilipata tu mtu wa pili.

Asubuhi iliyofuata niliifuta rekodi mama akiona, nikakisukuma kitanda chake hadi chumba cha nyuma kinachotazama uani, ambako tangazo hufika kwa mbali. Nikammiminia chai, nikaketi mbele yake akiwa macho, nikamwamkia, kisha nikamtajia jina langu.