Zoezi Langu la Soko la Ngamia

Mimi nimeuza ngamia kutoka Hulugho hadi Elwak, na shule niliiacha darasa la tatu. Hakuna jambo la kunishangaza. Hata mguu ulipokatwa kwa sababu ya sukari, sikulia. Kilichoniuma ni kukaa. Kwetu mtu wa heshima akiugua haachwi ainue hata kikombe. Wanangu walinibeba kwa kiti, na nesi wa zahanati akasema, "Pumzika, mzee." Nikajua sokoni sitarudi tena.

Kisha yule nesi akaenda kufundishwa jinsi ya kuwahimiza walemavu wafanye mazoezi. Aliporudi hakuanza na kunipima presha. Aliuliza, "Mzee, zamani ulipenda kufanya nini?"

"Kushika nundu ya ngamia kabla sijamnunua."

"Basi hilo ndilo zoezi lako. Kila siku ya soko, zunguka na magongo. Wanao na kiti chao wabaki nyumbani."

Wallahi, nilishangaa.

Siku ya kwanza wachuuzi walipiga kelele, "Huyu ngamia wa miguu mitatu anauzwa bei gani?"

"Hamna pesa za kuninunua!" nikawajibu, nikaenda kushika nundu.

Leo nazunguka soko zima peke yangu, na yule binti nesi namwombea dua kila swala. Kukatwa mguu kulinimalizia ngamia, wote niliwauza kulipa hospitali. Kuinuka tena kumenigharimu mipira miwili mipya ya kuvisha ncha za magongo, maana ya kwanza imelika: shilingi mia tatu na arobaini.