Jibu Tulilompelekea Paroko

Mama mkwe wangu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa hapa kijijini Daudi, na mimi ni katibu wake. Sikuchaguliwa kwa utakatifu. Nilichaguliwa kwa sababu ni nesi mwenye mwandiko unaosomeka, jambo ambalo kina mama walisema hawajawahi kuliona. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa sebuleni kwake, chini ya mafungu ya vitunguu saumu aliyoyatundika darini yakauke. Tunasali, tunasoma Injili, kisha mimi na yeye tunabishana. Wenzetu hunywa chai wakisikiliza, na nadhani wapo wanaokuja kwa ajili ya sehemu hiyo ya mwisho tu.

Wakati huo redioni watu walikuwa wanajadili kama sheria ya kutoa mimba ilegezwe. Paroko akataka kila jumuiya iandike maoni yake kabla ya kikao cha parokia. Mama hakuhitaji hata dakika mbili.

"Andika," aliniambia. "Kutoa mimba ni dhambi, sheria ibaki ilivyo. Na chombo cha hospitali kisiingie tumboni mwa mwanamke kutoa kitu. Umemaliza?"

Nilisema sijamaliza. Nilisema nimeshapokea zahanati wasichana waliochelewa kuja kwa sababu walimwogopa padri na polisi kuliko walivyoogopa kufa. Sikuwa natetea kutoa mimba. Mimi ni Mkatoliki, na kama ningepewa kalamu ya kutunga sheria sijui ningeandika nini. Nilichotaka ni mtu asife kwa woga, basi. Mama akanijibu kwamba mdomo wangu utanifikisha pabaya, kina mama wakacheka, na daftari likafungwa likiwa na maneno yake peke yake.

Siku hizo wifi yangu, binti yake wa mwisho, aliyeolewa Balangdalalu, alikuwa amekuja kupumzika kwa mama yake. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi mitatu. Nilikuwa nikimpitia jioni na kumchokoza kwamba anakula limau kama anayelipwa.

Jumanne na Jumatano sikumpitia, kazi zilikuwa nyingi. Alhamisi asubuhi nilikuwa dirishani zahanati nikisubiri maji ya moto, nikawaona ng'ombe wa majirani wakishuka kijitoni kunywa. Ng'ombe wa mama hawakuwamo. Mgeni asingeona kitu hapo. Mimi nimezaliwa Dongobesh, nikaona, na nikaiacha sufuria jikoni inachemka.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopoteza mimba hujitenga. Tunaita metimani. Mwanamke hukaa ndani, jirani haombi moto hapo, hapeani mkono na watu wa nyumba hiyo, na ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine majini mpaka siku ziishe. Siku hizi vijana wanaicheka. Mama haicheki. Rozari iko shingoni na metimani iko palepale, na hajawahi kuona ugomvi kati ya hivyo viwili.

Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapohapo. Ukiingia na wewe utakaa, na kesho kina mama wanaleta watoto kwenye chanjo."

"Imetoka lini?"

"Juzi. Imetoka yenyewe. Kazi ya Mungu."

"Na damu?"

Nikampita. Wifi alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, anatetemeka, mdomo mweupe. Nikamgusa, alikuwa wa moto. Vitambaa vilivyokuwa kwenye beseni sikuhitaji kuvihesabu. Mimba ilikuwa imetoka nusu, na iliyobaki ilikuwa inamuua.

Nikamwambia mama kwamba lazima aende hospitali ya mjini leo hii, asafishwe. Mama alikaa kwenye kigoda.

"Nilisema mbele ya wote," akasema polepole. "Chombo kisiingie. Leo nimpeleke wangu? Watasema alitoa. Polisi watakuja. Na barabarani nani atampakia mtu wa metimani?"

Hapo nikakosa adabu. Nilimwambia, "Basi mzike, na hiyo rozari umvishe." Nilimwambia hivyo mama wa mume wangu, ndani ya nyumba yake, mtoto wake akisikia. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka kwa aibu. Mama hakunikaripia. Aliinama tu akaanza kuokota maganda ya vitunguu sakafuni, moja moja.

Nikampigia simu mganga wetu wa zahanati. Ni kijana wa Tanga, Mwislamu, na metimani hajui inaanzia wapi. Alifika na pikipiki ya zahanati, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama, akaingia kumpima wifi. Alipotoka alichuchumaa mbele ya kigoda ili asiongee akiwa juu yake.

"Mama, mtoto alishaondoka tangu juzi. Tunatoa mabaki yanayooza, hatutoi mtoto. Na sheria haijawahi kumkataza mganga kumtibu mwanamke anayetokwa damu, hata siku moja."

Mama akamtazama. "Moyo wa mtoto haupo?"

"Haupo, mama. Unaopiga ni wa binti yako tu."

Mama akainuka akachukua shuka yake.

Nilimtoa wifi nikimshika kiunoni. Nikasema tupite njia ya nyuma, kwenye mikaratusi, watu wasituone. Nilidhani namsaidia. Mama alinigeukia na macho yale anayonitazama nayo Jumamosi.

"Njia ya nyuma ni ya mwenye la kuficha. Mficha uchi hazai. Tunapita barabarani."

Basi tukapita barabarani. Mganga mbele anaendesha kwa gia ya kwanza, wifi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Na mbele ya pikipiki, kwa miguu, mama mwenye miaka sabini na kitu, fimbo mkononi, anapaza sauti kwa Kiiraqw kisha kwa Kiswahili ili hata walimu wageni waelewe: "Kaeni mbali! Nyumba yangu imepoteza mimba! Tunakwenda hospitali!" Watu walitoka njiani kama mila inavyotaka, kina mama wakaweka mkono kifuani. Hakuna aliyenong'ona. Wanong'one nini, wakati mwenye habari anaitangaza mwenyewe? Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja mgongoni kwa wifi yangu. Tulipofika barabara kuu mama akasimama pembeni, akatuonyesha kwa fimbo kwamba twende, na mganga akaongeza gia.

Hospitali walimaliza mapema kuliko nilivyotarajia. Wifi aliongezwa damu, na kesho yake akaomba ndizi na soda. Nilijua amepona aliponisema kwamba nilimkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zinauma.

Tuliporudi, mama aliniambia na mimi niliingia, kwa hiyo nikae. Nikaomba siku nne za likizo na mganga akashika chanjo peke yake. Ningeweza kukataa, na mwezi mmoja nyuma ningekataa. Tulikaa watatu ndani, tukichambua vitunguu na kula makande. Nilimwomba mama msamaha kwa lile neno la rozari. Alisema amelisahau, kisha akalirudia lote, neno kwa neno, wifi akacheka mpaka akashika tumbo. Sikumbuki siku nne nilizowahi kufurahi hivyo tangu niolewe.

Siku zilipoisha ng'ombe wakashuka majini, na jumuiya ikarudi sebuleni chini ya vitunguu. Paroko alikuwa bado anasubiri jibu. Kina mama walishika vikombe tayari kwa mabishano. Nilifungua daftari nikasoma maneno yake ya mwanzo.

"Ile ya chombo, futa," mama akasema. Nikafuta. "Ya dhambi acha, sijabadilika hapo. Sasa andika ya pili: mwanamke anayetokwa damu apelekwe hospitali kwanza, maswali baadaye."

Nikaandika. Kina mama wakaitikia, na mmoja akasema hilo hata yeye alikuwa nalo moyoni. Nikawa nafunika kalamu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Ni ya pili."

Alimtazama wifi yangu, aliyekuwa anapitisha birika kwa wageni, amesimama kwa miguu yake.

"Chana karatasi," akasema. "Andika upya. Hiyo iwe ya kwanza."