Rangi Nyeupe Chini ya Nati

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya masika ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiacha izeeke. Mengi ya ujana wangu yamefifia. Nyuso za niliosoma nao zimechanganyika, na hata sauti ya marehemu mama yangu siisikii tena sawasawa. Lakini asubuhi hiyo ingali na harufu yake: rangi ya mafuta, petroli, na upepo wenye unyevu utokao ziwani. Nitakueleza bila haraka, kwa maana jambo lenyewe lilizaliwa na haraka.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, fundi msaidizi katika karakana ya Mzee Bulimwengu, pale Kavimvira, kando ya barabara itokayo Uvira kuelekea Bukavu. Mzee huyo alikuwa bingwa wa skuta za zamani, zile zenye magurudumu madogo na ubao wa kuwekea miguu, ambazo mama aliyevaa kitenge hupanda bila kusumbuka. Siku hizi vijana huzitafuta ili zipambe picha za harusi. Wakati ule zilikuwa bado zinafanya kazi ya punda.

Mojawapo ilikuwa ya Mama Furaha, mkunga aliyezunguka bonde la Ruzizi akipima wajawazito na vichanga, leo Sange, kesho Luberizi, keshokutwa Kiringye. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na utani usiochagua mtu. Alituletea skuta yake akiomba jambo ambalo mimi nililiona dogo: magurudumu yafunguliwe, yaondolewe kutu, yapakwe rangi nyeupe, kisha yarudishwe.

Mzee alinisimamia nilipoyafungua. Alinikumbusha nitoe upepo kwanza, kwa kuwa rimu ya skuta ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati, na mwenye kuzilegeza hali tairi imejaa huweza kupigwa usoni na chuma. Nikatoa upepo. Nikasugua kwa msasa hadi kutu ikaisha, nikaosha kwa petroli. Ndipo yeye akachukua chaki, akachora duara katikati ya kila rimu, mahali inapolala juu ya ngoma ya breki na mahali nati tano zinapokalia.

"Elia, hapa usipake," aliniambia. "Chuma kikutane na chuma. Rangi ni ngozi, haiko mufupa."

Kisha akapanda milimani, Bijombo, kumzika shemeji yake. Aliniachia agizo moja: rangi ikauke siku nne kamili, nami nisifunge gurudumu hata moja kabla hajarudi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ningefurahi, mwanangu, kama lingevunjika langu tu. Nilipopaka, ile duara ya chaki ilinikera. Rimu iling'aa kama sahani mpya, na katikati pakabaki chuma kitupu, chenye rangi ya majivu. Nikajiambia kwamba mzee ni mtu wa zamani, hajui uzuri. Nikafuta chaki, nikapaka kote, tena mara mbili. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na kwa unyevu wa huku kwetu rangi ikakauka juu, ndani ikabaki laini.

Siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, Mama Furaha akaingia. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu wake wa miezi minane.

"Fundi, skuta yangu iko tayari? Bamama wa Luberizi wananingojea, na huyu mutoto ninamurudisha kwa mama yake kule kule."

Nikamjibu kwamba ilisalia siku moja, na kwamba mzee alikuwa milimani.

"Ah, kumbe!" akacheka. "Fundi ni Bulimwengu. Weye uko mulinzi wa karakana tu. Basi nisalimie mwenye kujua kazi."

Hakukusudia ubaya, huo ulikuwa utani wake wa kila siku. Lakini ulinichoma. "Ngoja, Mama," nikasema, "ninafunga magurudumu sasa hivi." Nikayajaza upepo magurudumu yote mawili, nikayafunga mbele yake, nikazikaza nati kwa nguvu zangu zote. Akazunguka skuta yake, akasifu weupe wa rimu, akaniambia, "Aksanti sana, fundi," akaondoka kuelekea kaskazini. Neno hilo, fundi, lilinipendeza kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Nilipookota spana nilikuta mdomo wake umejaa rangi, laini kama siagi. Nilitazama, kwanza bila kuelewa. Kisha nikaelewa, nikaketi juu ya tairi. Nati hazikuwa zimekaa juu ya chuma. Zilikuwa zimekaa juu ya rangi mbichi, na rangi mbichi, ikibanwa na kutikiswa, hukimbia. Ikikimbia huacha nafasi, na nati yenye nafasi hujifungua yenyewe, kidogo kidogo, kwa kila shimo la barabara. Nikamwona mtoto yule mgongoni. Nikayaona malori yanayoteremka kutoka Bukavu.

Sasa nakiri jambo ambalo ni zito kuliko lile la rangi. Sikukimbia kumfuata. Nilikaa. Nilijiambia kwamba nilikaza sana, kwamba nati ni tano, kwamba Mama Furaha huendesha polepole, kwamba pengine zitashika hadi jioni. Niliomba Mungu ayafanye yale ambayo mimi mwenyewe ningeweza kuyafanya.

Zaidi ya nusu saa baadaye mzee akafika, viatu vyake vina udongo wa milima. Akaketi, akamimina chai.

"Mbona weye unatetemeka? Uko na malaria?"

"Hapana, Mzee. Ni baridi."

"Baridi ya Kavimvira!" akacheka. "Minye ninatoka Bijombo kwenye baridi ya kweli, na haunioni natetemeka."

Nikacheka naye. Fikiri, mwanangu: nilicheka. Ndipo akatazama pembe ya karakana ilipokuwa skuta, na kicheko chake kikakatika.

"Iko wapi?"

"Mama Furaha alikuja, Mzee."

"Na ile duara ya chaki?"

"Niliipaka."

"Alienda peke yake?"

"Na mujukuu. Mugongoni."

Akaweka kikombe chini taratibu mno, kana kwamba ndicho kitakachovunjika. "Tangu wakati gani uko unajua?"

"Mbele ya weye kufika."

"Uliogopa minye," alisema. "Minye niko hapa, ninakunywa chai. Ile ya kuogopa iko barabarani."

Akatia nati kadhaa mfukoni, akachukua spana na kisu, akawasha pikipiki yake, nami nikapanda nyuma. Sijui namna ya kukueleza safari ile. Kila kundi la watu kando ya njia lilikuwa, machoni pangu, limezunguka maiti. Kabla ya Runingu tuliona watu wamejaa barabarani, nikafumba macho. Nilipofumbua, walikuwa wachungaji wakivusha ng'ombe. Sange tukamuuliza muuza petroli wa chupa kama amemwona mama mwenye skuta.

"Ile ya magurudumu meupe? Imepita. Ya nyuma inacheza kama mulevi wa Noeli!" akasema, akitikisa kiganja kutuonyesha. Alidhani tutacheka.

Mzee akaongeza mwendo hadi tulipokaribia Luberizi. Hapo, kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga, tukaiona skuta imesimama. Mama Furaha alikuwa ameketi ukingoni, akimbadilisha mtoto nguo. Mtoto alikuwa amejichafua, na bibi yake akasimamisha skuta ili amsafishe. Ni hilo tu lililokuwa limemsimamisha, mwanangu. Si hekima ya mtu yeyote.

"Eh, Mzee Bulimwengu!" akaita kwa furaha. "Munanifuata mpaka huku? Nimesahau nini?"

Mzee alikuwa tayari amepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma. Kati ya nati tano, mbili hazikuwapo. Ya tatu ikadondokea kiganjani mwake alipoigusa kwa kidole. Akaninyooshea kiganja hicho, kisha akanionyesha Mama Furaha kwa kidevu.

"Sema," akaniamuru. "Minye siwezi kuwa mudomo wako."

Nikasema yote: duara, rangi, utani wake ulionichoma, na ule muda niliokaa juu ya tairi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea kama dawa. Mama Furaha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua mtoto akaniwekea mikononi.

"Anaitwa Asifiwe," akasema. "Mushike."

Nikamshika muda wote mzee alipokuwa akikwangua rangi kwa kisu, rimu ya nyuma kisha ya mbele, hadi chuma kitupu kikaonekana, kisha akafunga tena kwa nati alizokuja nazo. Mtoto alikuwa na joto na uzito wa kiasi cha kilo nane. Alinishika kidole akataka kukitia mdomoni, nami nikakivuta kwa kuwa kilikuwa na rangi.

Mama Furaha aliendelea kuleta skuta yake kwetu kwa miaka mingi, na kila mara aliinama kuzigusa nati moja moja kabla ya kupanda. Hakunitukana kamwe. Wala hakunitania tena.

Basi sikiliza, mwanangu. Nyumba njema si mlango, na gurudumu jema si weupe wake. Paka rangi pale jicho linapotazama. Pale panapobeba uhai wa mtu, acha chuma chako kitupu, hata kama hakipendezi. Mtu akikudharau, mwache akudharau hadi kesho, kazi itakapokuwa imekomaa. Na ukikosea, maana utakosea, usikae juu ya kosa lako ukingoja liwe dogo. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi naongeza kwamba mficha kosa huua bila kunyanyua mkono. Aibu ya kusema ina mwisho. Nusu saa niliyonyamaza, hadi leo sijaimaliza.

Mungu akujalie mkono usioharakishwa na sifa, na ulimi unaotangulia hofu yako. Kila atakayeketi juu ya kazi yako afike, ashuke, aende zake, bila kuwa na sababu ya kulikumbuka jina lako. Amina.