Kabureta Iliyotoka Ziwani

Harufu ya mafuta ya taa yanapogusa chuma cha moto hunirudisha Kakuma hata kama sitaki kwenda. Hunipata kazini. Nafundisha vijana kutengeneza injini ndogo hapa Lodwar, na kila kundi jipya likifika kwenye somo la skrubu zilizoganda, huanza kwa kucheka. Skrubu tu, mwalimu? Nawaacha wacheke. Kisha nampa mmoja wao kabureta kuukuu na bisibisi, naye anaikamia kwa nguvu zake zote mpaka kichwa cha skrubu kinalika na kuwa laini kama kitufe cha shati. Hapo darasa linanyamaza, nami naanza kufundisha.

Niliyajua haya nikiwa msichana wa miaka tisa, katika safari ambayo ningefurahi kama isingehitajika.

Tulikuwa tukiishi Kataboi, kando ya ziwa. Baba alivua samaki kwa mashua yenye injini ya petroli, mali yake na ya mdogo wake, baba mdogo Ewoi. Ziwa letu lina upepo wa alfajiri usio na huruma. Injini ikikuzimikia katikati ya mawimbi, mashua hugeuka, ikayapa ubavu, na ubavu ukishapigwa mara mbili tatu huna mashua tena. Ndivyo tulivyompoteza Baba. Maji yalimrudisha pwani, tukamzika. Mashua na injini yake vilikaa chini wiki kadhaa kabla wavuvi hawajaviopoa.

Jioni ya kuamkia siku ile, Ewoi ndiye aliyekuwa ameifungua kabureta, akaisafisha na kuifunga. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Lakini bibi yangu alizoea kusema kwamba neno ukilitupa jangwani, upepo hulibeba hadi kwa mwenyewe, na kweli lilimfikia. Wanawake walilisema kisimani huku wakijaza mitungi: "Si ni Ewoi alifunga ile injini? Pengine aliacha mchanga ndani." Ewoi akaacha kwenda ziwani, kisha akaacha kula. Alikaa kando ya ukuta, mwanamume mrefu aliyekuwa akinibeba mabegani, akawa anakonda tukimtazama. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikia ya kisimani, sikukaa tena karibu naye. Nilikula na Mama, nikimpa Ewoi mgongo.

Siku moja Mama aliifunga kabureta katika shuka, akanishika mkono, tukapanda lori la samaki hadi Lodwar. Alitaka ifunguliwe ili kijulikane kilichoizima injini. Mikono yangu ilinuka samaki siku nzima.

Fundi wa pikipiki wa Lodwar alikuwa na haraka zake. Kabureta ina kibakuli kidogo chini ambamo petroli hutulia kabla ya kuingia kwenye injini, na kibakuli hicho kilishikwa na skrubu nne. Maji ya ziwa letu yana magadi, na magadi yalikuwa yameziunganisha skrubu na bati kama mfupa na mfupa. Fundi aliikamia ya kwanza, kichwa kikalika.

"Mama, hii tupa tu," alisema, akiirudisha kwenye shuka. "Ama wewe enda Kakuma. Iko mzee mmoja Mkongo, anajua injini ya maji kuliko sisi wote."

Tukaenda. Tulimkuta mzee huyo, Papa Amisi, katika kambi ya wakimbizi, chini ya kipande cha turubai, akitengeneza redio. Alikuwa amekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu akimbie vita hakuwa ameshika injini ya mashua. Mama alipofungua shuka, mzee aliinama. Aliinusa ile kabureta.

"Hii imekufa kwa maji," alisema.

"Imekufa na mume wangu," Mama akajibu.

Papa Amisi aliweka redio kando. Alituuliza tumekula nini, akanipa nusu ya chapati yake, ndipo akaanza.

Hakugusa bisibisi kwa muda mrefu. Alikwangua magadi kwa msumari. Alichanganya mafuta ya taa na oili ya gia katika kifuniko cha chupa, akaniambia nidondoshe kwenye kila skrubu. "Pole pole, maman. Iache ikunywe. Na yeye iko na kiu." Alikuwa akiniita mama, kama mtu mzima. Tukangoja hadi kivuli cha turubai kikatuacha, tukakisogelea. Alipasha moto kipande cha nondo, akakigusisha pembeni mwa kila skrubu, na harufu ile ikapanda. Akaweka bisibisi, akaipiga kwa nyundo, vipigo vidogo kama anayebisha mlango wa mgonjwa. Halafu akafanya jambo lililonishangaza: akaikaza skrubu.

"Papa, si tunafungua?" nikauliza.

"Ukitaka mutu mukaidi atoke kwa nyumba, umusukume kwanza ndani kidogo," alisema, akacheka peke yake. "Atakasirika, atatoka."

Tatu zikatoka, moja baada ya nyingine. Ile iliyolika aliiwekea kipande cha raba ya tyubu, akakandamiza bisibisi juu yake, ikateleza. Basi akachukua msumeno wa chuma na kuchonga mfereji mwembamba kichwani mwake. Skrubu ililia mara moja, ikazunguka.

Kibakuli kikafunguka. Nilikiona: tope la kijani limejaa hadi ukingoni, na mchanga.

Papa Amisi alitazama kwa muda mrefu. "Nani alifunga hii?"

"Shemeji yangu."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Hali chakula."

Mzee alichovya kidole, akausugua mchanga kati ya vidole, akakipangusa kwenye suruali. "Mama, mi nilizaliwa kwa maji. Ule mutu alifunga muzuri. Hakukosa. Ni upepo tu. Enda umwambie."

Tuliporudi Kataboi nilimtangulia Mama, nikikimbia na kupiga kelele: "Baba mdogo, hukukosa! Mkongo amesema!" Nikajitupa kando yake pale ukutani. Alimtazama Mama. "Alisema hivyo?" Mama akajibu, "Alisema." Ewoi akanawa mikono, akala.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi ziwani, akatusomesha. Lakini hakufunga tena injini yoyote. Skrubu zilipohitaji kukazwa alisimama kando na kuwaambia vijana, "Fungeni ninyi." Nilidhani ni uvivu tu.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi nilipoletewa kabureta nyingine iliyozama. Nilikwangua, nikadondosha mafuta, nikaikaza kidogo, nikaifungua. Ilijaa tope na mchanga. Mwalimu akaniuliza injini ilizimwa na nini. Nikautazama tena ule mchanga. Mchanga ulioingia kabla ya kuzama na ule ulioingia baadaye ni mchanga mmoja. Hakuna fundi duniani awezaye kuutofautisha.

Wakati huo Ewoi alikuwa amekwisha kufa. Nilimwendea Mama, nikamkuta akianika samaki. Nikamuuliza kama alijua kwamba Papa Amisi hangeweza kujua.

"Nilikuwa na macho," alisema. "Nililiona lile tope kama ulivyoliona wewe."

"Na baba mdogo? Yeye aliamini?"

"Ewoi? Alikuwa amefungua kabureta ngapi maishani mwake!" Aligeuza samaki upande wa pili. "Hakuamini hata kidogo."

"Basi kwa nini alikula?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa karibu naye."

Miaka yote ile nilidhani nilikuwa nimempelekea baba mdogo jibu, naye ameondolewa mzigo. Kumbe aliuchukua hadi kaburini, akiubeba kila alfajiri alipokwenda kutuvulia samaki, na alichopewa siku ile kilikuwa mtoto wa ndugu yake tu.