Migomba Iliyojibu Kiingereza

Wajerumani walikuwa bado wanatutawala, lakini mchele wetu ulipata bei nzuri ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Waingereza. Kwa hiyo mtu mmoja wa Ngana, aliyewahi kuwapikia Waingereza hao, akaanza kutufundisha Kiingereza sisi watu wazima. Akaamua wanaume wajifunze kuuliza na wanawake wajifunze kujibu. Nilimwambia huo ni upuuzi. Hakunisikiliza.

Baba mkwe wangu naye alikuwa darasani. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hasemi na baba mkwe wake wala haonekani mbele yake, hivyo mimi nilisomea nje, nyuma ya migomba.

Siku moja mnunuzi wa mchele, Mwingereza, akavuka mto, akafika nyumbani. Akamsalimu baba mkwe, "Hau ayu?" Mzee akamjibu, "Hau ayu?" Mgeni akarudia. Mzee naye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka uvumilivu ukanishinda.

"Veri weli, thenki yu," nikasema kutoka nyuma ya migomba.

Mgeni akavua kofia, akaiinamia migomba kwa heshima.

Baba mkwe hakunisemesha hata neno moja la Kinyakyusa mpaka anakufa. Ila kila asubuhi alikuja kusimama mbele ya migomba ile, akaiuliza, "Hau ayu?" Watu walisema mzee amerukwa na akili. Nami nilijibu veri weli, hata siku nilizotetemeka kwa homa, maana jibu lingine hatukufundishwa.